Jinsi ya Kumwandika Shujaa Mwenye Doa Ambaye Msomaji Hamwachi

Kabla hujaamua mhusika wako atapewa nguvu gani, amua nguvu hiyo itamtoza nini. Miswada mingi ya njozi za giza ninayopewa niisome huanza kinyume: kijana ana moto mikononi, ana koti jeusi na kisasi, na kufikia sura ya tatu maiti hazihesabiki. Damu imemwagika, lakini sijali nani amekufa. Giza peke yake halimshiki msomaji. Kinachomshika ni kumwona mtu anayejua fika kwamba analotaka kufanya si jema, akapiga hesabu, akalifanya, halafu akalipa.

Mtazame Elric, mhusika wa hadithi za njozi za mwandishi Mwingereza Michael Moorcock, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1961. Mwili wake ni dhaifu. Upanga wake, Stormbringer, humpa uhai kwa kunyonya roho za wale anaowaua. Kila akishinda anazidi kuutegemea. Na katika hadithi ya kwanza kabisa, upanga huo huo unamuua Cymoril, mpenzi wake, ukiwa mkononi mwake mwenyewe. Huwezi kumwondolea gharama ukamwachia nguvu. Lenga hapo. Kutokwa damu puani au kuzimia usiku mmoja si gharama, ni uchovu, na uchovu hupona.

Jaribu hivi. Mhusika wako anaweza kumfutia mtu kumbukumbu, lakini kila anachokifuta kinahamia kwake. Mtoto ameshuhudia baba yake akiua. Anamfutia, mtoto analala. Sasa yeye ndiye anayeshtuka akisikia mlango ukifunguliwa, na yule baba akimwamkia njiani inabidi aitikie. Kwa tukio hilo moja msomaji ni wako, hata akija kufuta ushahidi kwa malipo ya majambazi.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu zaidi: hoja. Katika Worm, riwaya ambayo Wildbow aliichapisha mtandaoni sura kwa sura kuanzia 2011 hadi 2013, Taylor, msichana anayetawala wadudu, anajiunga na genge la wahalifu akikusudia kulichunguza na kulisaliti kwa mashujaa. Humo anapata urafiki alioukosa kwa muda mrefu shuleni. Anaposhiriki kuvamia benki, tuko upande wake. Baadaye anamng'oa macho kwa kisu Lung, adui ambaye tayari ameshalala chini, na hoja anayo: mwili wa huyu hujiponya, macho yataota tena. Mimi nilikubali kwanza, nikaogopa baadaye. Mpangilio huo ndio unaoutafuta. Andika hoja ya mhusika wako kwa sentensi moja, kwa maneno yake mwenyewe, uisome kwa sauti. Kama wewe mwandishi haikushawishi, rudi nyuma. Kisha kila mara inapojirudia, ipunguze uzito kidogo, ili lililomtoa jasho mwanzoni aje alifanye bila kusita.

Mpe pia jambo moja ambalo hatalifanya kamwe, na mtu mmoja anayempenda bila kumwogopa. Huyo wa pili ndiye atakayeona mabadiliko kabla yetu.

Ukitaka ageuke kuwa mwovu kabisa, usimwongezee maiti. Mwachie nguvu, mzigo uwaangukie wengine. Katika Death Note, hadithi ya katuni ya Kijapani iliyoanza 2003, Light, kijana anayeua watu kwa kuandika majina yao kwenye daftari, anaweza kupata macho ya kuona majina ya watu kwa kutoa nusu ya maisha yaliyombakia. Anakataa. Misa, msichana anayempenda, anakubali, na Light anayatumia macho ya Misa kwa faida yake. Hapo ndipo nilipoacha kumtetea, ingawa alikuwa ameshaua wengi kabla ya hapo.

Kuhusu mwisho, usikimbilie kumuua kwa kujitoa mhanga ili asafike. Kifo cha aina hiyo kinafuta deni bila kulilipa. Mwache aishi, akutane na angalau mmoja wa aliowaumiza, na huyo aliyeumizwa asilazimike kusamehe.