Somo: Siku moja Hifadhi ya Arusha na watoto wadogo, kutokea Moshi

Habari zenu wazazi wenzangu. Tangu niweke picha za watoto na twiga nimeulizwa sana tulivyopanga, kwa hiyo naandika mara moja wote tusome. Nina watatu: wa miaka saba, wa minne, na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu anayeamini kiti chake cha gari ni adhabu.

Zile picha ni za safari ya pili. Ya kwanza hatukupiga hata moja ya maana. Tulitoka Soweto, mtaani kwetu Moshi, saa tatu na nusu asubuhi, baba yao akasema tupitie chemchemi ya Chemka kwanza "kwa sababu iko njiani". Haiko njiani. Unakata kona Boma Ng'ombe na kumeza vumbi mpaka kwenye chemchemi, kisha unalimeza tena kurudi lami. Tulifika geti la Ngongongare saa nane mchana, watoto wamelowa, wa kati keshatapika Kikatiti, na mimi nimeshika noti ambazo pale hazina kazi. Tulipoingia, twiga wa kwanza alikuwa hatua chache tu kutoka dirishani, anatafuna huku anatutazama na zile kope zake ndefu. Nikageuka nyuma nikiita "Twiga! Twiga!" Wote watatu wamelala, midomo wazi.

Basi haya ndiyo tuliyobadilisha.

Hatua ya 1: Anza na usingizi, ramani baadaye

Siku tatu kabla ya safari, andika saa ambayo kila mtoto analala mchana na saa anayoanza kununa. Hizo ni saa mbili tofauti. Wa kwangu wa kati hulala saa nane, lakini kuanzia saa saba na nusu hakuna jambo duniani linalomfaa, hata maji ya kunywa yana kosa. Kwa hiyo saa saba ndiyo mwisho wetu ndani ya hifadhi, liwe lipi.

Kutoka hapo unahesabu kurudi nyuma. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, lakini hufiki mjini. Unakata kulia Usa River. Sisi tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Watoto tuliwabeba kutoka kitandani na nguo zao za kulalia, tukawafunga kwenye viti, wakaendelea na usingizi wao mpaka Maji ya Chai. Usingizi wa pili waliulala kwenye lami wakati wa kurudi. Yaani muda wote wa kulala umeliwa na barabara, na muda wote wa kuwa macho umekwenda kwa wanyama. Hata ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Usitegemee kufidia muda kwa mwendo. Vijiji ni vingi, vibao vya 50 ni vingi, na tochi za trafiki huzioni mpaka zimeshakuona.

Hatua ya 2: Chagua sehemu moja ya hifadhi

Hifadhi hii ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ikaongezewa Mlima Meru na kuitwa Arusha mwaka 1967. Ndiyo maana ina sura tatu: kreta ya Ngurdoto na msitu wake, maziwa ya Momella, na Meru wenyewe wenye mita 4,566. Watu wazima huzunguka Ngurdoto na Momella kwa siku moja bila shida. Wenye watoto wachague.

Mimi nachagua Momella. Najua wapenzi wa Ngurdoto watanishambulia. Pale juu ni pazuri kweli, lakini hauruhusiwi kushuka ndani, unaangalia ukiwa ukingoni, na nyati kule chini wanaonekana kama chawa. Kwa mtoto wa miaka minne hilo ni shimo, na wewe muda wote umemshika mkono usithubutu hata kupiga picha. Momella kila kona ina kitu cha karibu: twiga, pundamilia, ngiri na watoto wake wamesimamisha mikia, halafu flamingo majini. Maziwa yenyewe yana rangi tofauti kwa sababu ya madini na miani iliyomo, na watoto walikazana kubishana lipi la kijani na lipi la bluu.

Jambo moja waambie kabla hamjatoka nyumbani: hii si hifadhi ya simba. Usipowaambia, utaulizwa "simba yuko wapi" kuanzia getini mpaka jioni.

Hatua ya 3: Malipo na karatasi

Getini hawapokei fedha taslimu. Weka pesa kwenye simu au kadi tangu jana yake, na uweke na ya ziada. Safari ile ya kwanza ilibidi baba yao arudi Usa River kutafuta wakala, sisi tukabaki tunahesabu mawe. Beba kitambulisho cha taifa ulipie kiingilio cha Mtanzania. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Wa miaka 5 hadi 15 wana bei yao, ndogo kuliko ya mtu mzima. Mwanao akiwa na mwili mkubwa kama mwanangu, beba kopi ya cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya 4: Tumbo

Anayetapika garini asipewe chai ya maziwa alfajiri. Mpe kipande cha mkate mkavu akiamka. Mkalishe pale anapoona mbele, na simu ya katuni ifichwe mpaka mfike lami ya kurudi. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, msaada wa zamani wa "lete mfuko haraka!" haupo. Mimi nabeba kopo kubwa la siagi lenye kifuniko. Limeokoa viti vya gari mara mbili.

Poti ya mtoto iingie garini pia. Ukishapita geti huwezi kusimama popote na kumchutamisha mtoto kando ya gari. Nyati hapigi honi. Wapitishe wote chooni getini, hata anayeapa hana haja. Huyo hasa.

Hatua ya 5: Kapu

Chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha, viazi, karanga, maji mengi. Ndizi ziliwe kabla ya geti. Tulishuka eneo la kulia chakula, nikaweka kapu mezani, nikageuka kumfuta mdogo pua. Sekunde hizo hizo nyani dume alishafika, akachukua chapati mbili kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa, akaenda kukaa chini ya mti anazikunjua. Wa miaka saba anasimulia hiyo kuliko flamingo wote. Lakini nyani ana meno makubwa kuliko ya mbwa, kwa hiyo chakula kitoke garini kipande kwa kipande, milango imefungwa, na mtoto asile huku anazurura.

Ongeza sweta. Alfajiri chini ya Meru ni baridi, na Juni na Julai ni baridi hasa. Saa tano jua likitoka utahitaji kofia.

Hatua ya 6: Ndani

Mara baada ya geti kuna uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo. Zimeni gari hapo dakika kumi. Waacheni watoto wahesabu pundamilia. Msikimbilie mbele kwa sababu mmelipa. Kiingilio hakiongezeki thamani kwa mwendo.

Msituni tafuteni mbega, wale weusi wenye mkia mweupe kama shuka lililoanikwa. Waambie watoto kwamba mbega hana dole gumba, ana kifundo kidogo tu mahali pake. Wa kwangu wa kati alikula mchana wote amekunja dole gumba, na maji akayamwaga.

Saa sita na nusu geuzeni gari. Watalalamika. Ni vizuri walalamike.

MASWALI YENU

Mama wa mapacha, Njiro: Dada, wangu wana miezi minane. Niende au nisubiri?

Kama unataka kwenda wewe, nenda. Wao watalala na kunyonya, na kwa umri huo ni rahisi kubeba kuliko mtoto wa miaka miwili anayetaka kushuka kila mahali. Beba khanga mbili za kutundika dirishani kuzuia jua. Kigari cha kusukuma kiache nyumbani.

Baba wa mmoja, Majengo: Hatuna gari. Daladala zinafika?

Zinakufikisha Usa River, ila ndani ya hifadhi huwezi kuzunguka kwa miguu na familia. Ungana na familia nyingine mkodi Noah pamoja na dereva aliyewahi kuingia, na mkubaliane bei ya siku nzima pamoja na mafuta kabla hamjaondoka. Muulize kama gari lake linafaa njia za ndani. Kiangazi linaweza kupita. Mvua ikinyesha mtahitaji gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote, la sivyo mtasukuma.

Bibi wa wajukuu wanne, Kiboriloni: Nataka kuwapeleka likizo ya Desemba. Mvua je?

Shikamoo mama. Desemba mvua ya vuli inaweza kuwa bado inanyesha, lakini mara nyingi si ya kutwa nzima kama masika. Ndiyo sababu nyingine ya kutoka alfajiri. Miezi ya Machi hadi Mei mimi siendi na watoto. Kama ratiba ya shule inaruhusu, Juni mwishoni ni bora, baridi tu. Na mama, kaa kiti cha mbele, usikubali kubanwa nyuma na wajukuu.

Kaka, Sakina: Mtoto wangu ana miaka sita, anataka kutembea kwa miguu na askari hadi maporomoko ya maji. Anaweza?

Matembezi yapo, na ni lazima mwende na askari mwenye silaha. Umri uulize getini siku hiyo hiyo, usimwahidi mtoto kabla. Mjaribu kwanza nyumbani: atembee saa nzima bila kubebwa. Wangu alishindwa kufika sokoni.

Mama, Pasua: Kwa hiyo Chemka umeisusa?

Sijaisusa, nimeipa siku yake. Maji ni safi, unaona mpaka chini, na visamaki vinakuja kukutekenya miguu. Lakini ni kina kirefu, na mizizi ya miti inateleza. Nendeni siku ya kazi asubuhi, kabla vijana hawajajaa na kamba yao ya kurukia. Kila mtoto awe na jaketi la kuelea linalomtosha, lifungwe mpaka mkanda wa katikati ya miguu, na mtu mzima mmoja kwa kila mtoto mmoja majini. Sisi tuko wawili na watoto watatu, kwa hiyo safari hii namchukua dada yangu.