Tangi la bahari likigeuka jeupe ghafla, tafuta hewa kwanza

Kabla ya kushika ndoo, waangalie samaki. Wakiwa wanaogelea kama kawaida na wanakuja mbele ya kioo wakikuona, una muda wa kutafuta chanzo kwa utulivu. Wakiwa wamejikusanya juu wakitweta, au wamejipanga mbele ya mdomo wa pampu huku matamvua yakipigapiga upesi, hewa imewaishia. Hapo usipoteze hata dakika.

Kazi yangu ni kutunza matangi ya samaki wa maji ya chumvi majumbani, hapa kisiwani Mombasa na ng'ambo ya Nyali, na kwangu Tudor ninalo langu la lita 300. Simu za usiku karibu zote huanza hivi: "Fundi, maji yamegeuka tui!" Mimi siulizi rangi. Nauliza samaki wako wapi: juu, chini, au mbele ya pampu?

Nauliza hivyo kwa sababu ya joto letu. Maji ya bahari yenye nyuzi 28, hata yakishiba hewa, hubeba oksijeni kama miligramu 6.4 tu kwa lita. Yangekuwa na nyuzi 20 yangebeba kama 7.4. Kwa hiyo tangi la Mombasa lina akiba ndogo tangu mwanzo. Bakteria wanaoyafanya maji meupe nao wanapumua, na wakizaliana kwa ghafla wanaimaliza akiba hiyo. Usiku, taa zikizimwa, mwani na matumbawe huacha kutoa oksijeni na kuanza kuitumia. Ndiyo maana watu huamka alfajiri wakakuta msiba. Weupe wenyewe hauui samaki. Wanakufa kwa kukosa hewa, na amonia, sumu inayotokana na uchafu na mizoga, huja nyuma yake.

Basi anza hapo. Inua mdomo wa pampu uelekee juu mpaka uso wa maji utikisike vizuri. Ondoa kifuniko cha kioo. Washa skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, kama ulikuwa umeizima, tia na pampu ya hewa yenye jiwe lake la kutoa vipovu. Elekeza feni juu ya maji, kwa kuwa maji yanayovukizwa hupoa nyuzi mbili au zaidi, ila utakuwa unafidia maji matamu yanayopotea. Umeme ukiwa umekatika, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, tena na tena, wapokezane watu wa nyumba. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kitu cha kuwa nacho kabatini kabla ya siku ya haja. Na chakula, usitie hata punje.

Samaki wakishatulia, sasa uliza ni weupe gani huu.

Chota maji ya tangi kwenye gilasi safi, uiache mezani. Ikiwa baada ya saa moja uchafu umezama chini, hilo ni vumbi la mchanga: umechimbua, au samaki amechimba, au mchanga mpya haukuoshwa vya kutosha. Weka pamba safi kwenye filta, mambo yatakwisha kwa siku moja au mbili. Ukiona vipovu vidogo vinapanda na gilasi inasafika mara moja, maji yamepungua kwa kuvukizwa na pampu inavuta hewa. Jazia maji matamu yaliyochujwa, basi.

Gilasi ikibaki nyeupe, dondoshea siki matone machache ukoroge. Yakisafika, hiyo ni chokaa. Umetia kalsiamu au dawa ya alkali nyingi mno, au haraka mno, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikapanda na kalsiamu ikaganda majini. Maji ya bahari ya kawaida yana kalsiamu kama miligramu 410 kwa lita. Hakuna sababu ya kuikimbiza ifike mbali zaidi. Acha kutia dawa, badilisha sehemu ya maji, safisha pampu kwa sababu chokaa hiyo hung'ang'ania ndani yake. Siki ni ya gilasi peke yake. Usiimwage kwenye tangi.

Mara nyingine utaona moshi mweupe ukitoka kwa mnyama mmoja, konokono au jongoo bahari aliyenyanyua kichwa. Anazaa. Acha skima ifanye kazi, ongeza hewa, badilisha maji kiasi. Maji ya kijani ni mwani mdogo unaoelea. Punguza taa na chakula, na kama unaweza kupata taa ya UV ya kupitishia maji, itausafisha.

Lakini ikiwa uchafu wa gilasi hauzami, siki haifanyi kitu, na maji yana harufu nzito, ni bakteria. Visa vingi ninavyoitwa ni hivi, na hapa ndipo watu hukosea kwa kupigana na weupe badala ya kile kinachowalisha hao bakteria.

Hesabu wanyama wako mmoja mmoja. Tafuta kitatange aliyefia nyuma ya mawe, kiti cha pweza anayeanza kulainika, konokono asiyerudi ndani ya gome. Jongoo bahari mtafute kwanza kabisa, kwani akifa huweza kutoa sumu inayoua samaki, na hapo maji yabadilishwe kwa wingi na kaboni, makaa maalumu ya kusafishia maji, itiwe hima. Mama mmoja wa Kizingo alinipigia simu, hata shikamoo yangu hakuimaliza kuipokea. Kamba wake wote walikuwa wamelala chali. Nikamuuliza, "Mama, jioni mmepuliza dawa ya mbu?" Walikuwa wamepuliza, sebuleni, na pampu ya hewa ilikuwa ikivuta hewa ya chumba kile kile. Dawa hizo kwa kamba ni kifo, na kamba waliooza ndio walioyageuza maji. Ukipuliza dawa nyumbani, funika tangi kwa shuka iliyoloa, zima pampu ya hewa kwa muda huo tu, fungua madirisha kabla ya kuiwasha tena.

Chanzo kingine ni filta ya mkebe, ile iliyofungwa nje ya tangi, baada ya umeme kupotea kwa saa nyingi. Ndani ya mkebe uliofungwa bakteria wazuri hufa kwa kukosa hewa, wakaoza pale pale. Umeme ukirudi, pampu huisukuma takataka yote hiyo ndani ya tangi. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda mrefu, chomoa filta kwenye soketi. Ukirudi, ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya chumvi yaliyotoka tangini, ndipo uiwashe. Usisuuze kwa maji ya mfereji, kwa kuwa klorini itamaliza wale wachache waliobaki. Bakteria wa kula amonia huzaliana polepole sana, na hawa wa weupe huzaliana upesi. Ukiwaua wote, wanaorudi kwanza ni wabaya.

Mawe mapya ya bahari pia hufanya hivi, kwa sababu sponji hai na viumbe vingine vilivyomo hufa njiani. Tena usiende kuokota jiwe mwambani. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, si duka la mawe, na matumbawe tuliyonayo yana shida za kutosha.

Pima amonia. Ikiwa si sifuri, badilisha maji robo ya tangi, upime tena kesho yake. Usibadilishe yote kwa mkupuo mmoja. Maji mapya yawe na joto lile lile na chumvi ile ile, kipimo cha chumvi kisome karibu 1.025, la sivyo utawapa samaki dhiki ya pili juu ya ya kwanza.

Kuhusu maji hayo mapya, nina msimamo. Mimi naishi hatua chache kutoka mkono wa bahari wa Tudor na sijawahi kutia maji yake tangini, wala ya Kilindini. Huko kuna mitaro ya mji, kuna mafuta ya meli. Chota upande wa bahari wazi, maji yakiwa yanajaa, siku kadhaa baada ya mvua. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na kusafika. Kusi likivuma, mawimbi huvuruga mchanga na mwani hujaa ufukweni, na masika maji ya mvua hushusha chumvi. Yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, uyatumie siku hiyo hiyo; au yafunge kwenye mitungi safi gizani kwa wiki mbili, kisha uyatie hewa kabla ya kuyatumia. Katikati ya hapo ni pabaya, kwa kuwa vidudu vya bahari vinakuwa vimekufa na kuanza kuoza, nawe utamwaga weupe mpya juu ya weupe wa zamani. Ukichanganya mwenyewe, tumia chumvi ya matangi, gramu kama 35 kwa lita, ikorogwe na pampu usiku kucha. Chumvi inayovunwa Gongoni ni nzuri jikoni, lakini karibu yote ni sodiamu kloridi. Magnesi na kalsiamu nyingi imebaki kwenye mashamba ya chumvi.

Utashauriwa kutia shabu, kwa sababu nyumba nyingi hapa husafishia maji ya kisima. Usitie. Shabu hushusha pH na kuacha alumini, na matumbawe laini huumia. Klorini usiifikirie. Makaa ya jikoni hayafai pia, yana majivu. Nunua kaboni maalumu, uisuuze mpaka vumbi jeusi liishe. Ukikosa pamba ya filta, pamba ya mto ya polista isiyo na dawa inafaa, lakini sufi haifai, inaelea na kumwaga nyuzi kwenye pampu.

Weupe wa bakteria huchukua siku mbili hadi wiki moja kuondoka ukishatoa chanzo. Badilisha pamba kila siku, acha pampu ya hewa ikifanya kazi usiku kucha, pima amonia asubuhi na jioni. Samaki wazima wanaweza kukaa siku mbili tatu bila kula. Amonia ikisoma sifuri siku mbili mfululizo, wape kidogo tu, kile wanachoweza kumaliza kwa dakika moja, na upime tena kabla ya kulala.