SOMO: Seva ya DNS (BIND 9) imegoma? Pitia hapa kabla ya kuuliza

Swali hili linarudi kila wiki, basi naliweka mara moja. Ni BIND 9 (programu ya seva ya DNS, inayogeuza majina ya vikoa kuwa anwani za IP) kwenye Ubuntu. Kikoa cha mfano: mfano.co.tz.

1. Soma jibu la `dig @127.0.0.1 www.mfano.co.tz`. SERVFAIL: mara nyingi zoni (faili la rekodi za kikoa chako) imekataa kupakiwa. NXDOMAIN: zoni ipo, jina halimo. REFUSED: seva haiitambui zoni hiyo, au huruhusiwi kuiuliza. Ikikaa kimya, angalia fayawali, na kama named (BIND yenyewe inayoendesha seva) imewaka.

2. `named-checkconf` (hukagua mipangilio). Ikinyamaza, poa.

3. `named-checkzone mfano.co.tz /etc/bind/db.mfano.co.tz`. Unatafuta OK.

4. NUKTA YA MWISHO. Jina lisiloishia na nukta, BIND hulibandika jina la zoni. Ukiandika `www.mfano.co.tz IN A 192.0.2.10`, umetengeneza www.mfano.co.tz.mfano.co.tz, na hatua ya 3 itakupa OK vilevile, maana kisheria hakuna kosa. Andika `www` tupu, au jina zima na nukta yake. CNAME (rekodi ya jina linaloelekeza kwenye jina jingine) nayo hukosewa hivyohivyo upande wa kulia. Kuwanasa wote: `named-checkzone -D mfano.co.tz /etc/bind/db.mfano.co.tz | grep mfano.co.tz.mfano`. Angalizo: anwani ya IP haiwekwi nukta mwishoni!

5. Ongeza siriali (namba ya toleo la zoni) kwenye SOA, rekodi ya mwanzo ya zoni (2025061401 iwe 2025061402), kisha `rndc reload`. Usipoongeza, seva ya pili (inayonakili zoni kutoka kwa ya kwanza) itabaki na data ya zamani.

MASWALI

– Wakuu yangu haifanyi kazi, msaada wa haraka.
– Hatua ya ngapi? Leta jibu la dig na `journalctl -u named`. Sipigi ramli.

– Nimebadili IP, named-checkzone inasema OK, ila simu bado inaenda ya zamani.
– Uliza seva yako kwa dig, halafu uliza @8.8.8.8 (seva ya Google). Yako ikiwa sahihi, hiyo nyingine ni kashe (nakala ya zamani iliyohifadhiwa). Subiri TTL (sekunde za kuhifadhi nakala hiyo) iishe. Kama TTL ni 86400, safari ijayo ishushe hadi 300 siku moja kabla ya kuhama.

– Mkuu, nilikosea siriali nikaandika 2205061401. Nikiirudisha, seva ya pili haichukui. Kwa nini?
– Swali zuri. Siriali ni namba ya biti 32 inayozunguka kama saa, na seva ya pili hufuata iliyo mbele tu. Ongeza 2147483647; ikivuka 4294967295, toa 4294967296. Kwako inakuwa 57577752. Weka hiyo, reload, hakikisha seva ya pili imeichukua, ndipo uweke 2025061402. Sasa itaonekana iko mbele.

– Si bora cPanel tu (ya kusimamia seva kwa kubofya)?
– Itumie. Somo ni la BIND.

– Nyongeza: fungueni bandari 53 ya TCP pia, si UDP peke yake.
– Kweli kabisa. Kunakili zoni hupita TCP, na majibu makubwa hukimbilia huko.