Shanga za karatasi: mlipe fundi siku analeta mzigo

Nyie mnaouza bangili na mikufu ya shanga za karatasi hapa Kampala, kabla hamjapanga bei kaeni kwanza na mama mmoja anayesokota, kule mtaa wa Acholi Quarters, Kireka, wako wengi, muone kazi yenyewe, anakata kalenda ya zamani pembetatu ndefu nyembamba, anaizungushia kwenye sindano kuanzia upande mpana, anabana ncha na gundi, halafu vanishi mara kadhaa na kila mara lazima ikauke. Hesabu masaa hayo yote, ndo ujue mkufu mmoja unamgharimu nini, alafu mlipe siku ile ile analeta mzigo. Mambo ya "ntakulipa nikiuza" jamani tuache, ada ya shule ya watoto haingojei mteja wako!

Vanishi ndo penye shida kubwa. Ile inayonuka kama thina isipakwe ndani ya chumba watoto wamelala, ipakwe nje kwenye upepo, na ukipata ya maji chukua hiyo hata kama bei iko juu kidogo, mabaki usimwage mtaroni.

Kwa wanaotengeneza bangili na mikufu kwa pembe za ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, ni sawa kabisa maana zinabaki machinjioni, ila vumbi lake ni baya kwa mapafu, so piga msasa pembe ikiwa imelowa na fundi avae barakoa. Hiyo barakoa nunua wewe mwenye biashara.