SOMO: Kupiga picha za watu wetu, uso uonekane ulivyo

Wakuu, habari za jioni. Tangu niweke ile picha ya bibi akikuna nazi nimeulizwa mengi, na karibu yote yanarudi palepale: "Mbona mimi nikipiga, sura inatoka giza, macho hayaonekani?" Leo nitakaa na jambo hili moja kwa urefu, mengine nitayapitia juu juu. Simu inatosha kabisa. Mwenye kamera naye asome, maana kanuni ni ileile.

HATUA YA 1: Futa lenzi, zima kirembesho

Lenzi ifute kwa kitambaa laini cha pamba kilicho kikavu. Simu inashikwa na mikono yenye mafuta siku nzima, na ule utando mweupe unaouona kwenye picha mara nyingi ni mafuta hayohayo.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera, hasa ile ya mbele, utafute sehemu ya kurembesha ngozi na uizime. Simu nyingi huja ikiwa imewashwa. Inafuta makunyanzi, inafuta alama, na inampausha mtu. Mwenye rangi ya maji ya kunde anatoka kama kamwagiwa maziwa, mweusi tii anatoka kama kapakwa majivu. Jambo hili linaniumiza kweli, kwa sababu watoto wanakua wakiziona nyuso zao zimesafishwa rangi na wanadhani hivyo ndivyo picha nzuri inavyotakiwa kuwa.

HATUA YA 2: Elewa kamera inavyopima mwanga

Kamera haimjui mtu. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, inatafuta wastani, halafu inajaribu kuufanya wastani huo uwe kijivu cha katikati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: ukuta unachukua sehemu kubwa ya picha, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Ukuta unakuwa kijivu, uso unazama. Mbele ya ukuta wa giza mambo yanageuka, kamera inaongeza mwanga na uso unapauka. Simu za siku hizi hutambua nyuso na kujirekebisha kiasi, lakini jua likiwa nyuma ya mtu bado nyingi zinashindwa.

Enzi za filamu tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilipeleka kwenye maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Fundi alisawazisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Ukiona kwenye albamu ya nyumbani babu yako hana sura, ni kanzu na meno tu, usimlaumu fundi wa studio peke yake. Vipimo vyenyewe havikumfikiria babu.

HATUA YA 3: Hamisha mtu kabla ya kugusa kitufe chochote

Hapa ndipo penye kazi. Siku ile bibi alikuwa uani, saa sita mchana, amekaa kwenye mbuzi mbele ya ukuta wa chokaa. Jua la pwani yetu saa hizo linakaa utosini. Paji la uso linawaka, macho yanageuka mashimo mawili. Nikapiga moja, ikatoka kama nilivyotarajia: ukuta, kanga, na giza.

Nikamwomba asogee mlangoni mwa jiko, hatua moja ndani ya kivuli cha paa, uso ukitazama uani. Akanung'unika kuwa nazi itaingia vumbi, lakini akasogea. Mambo yakabadilika palepale. Ua mzima uliokuwa unawaka jua ukageuka taa moja kubwa na laini. Mwanga ukaingia kwa ubavu, ukapita kwenye shavu, ukashika mfupa chini ya jicho, ukateremka mpaka kwenye mkono ambapo machicha yalikuwa yamenata kifundoni. Nyuma yake kulikuwa na giza la jiko, hakuna cha kushindana na uso.

Kumbuka hili: ngozi nyeupe umbo lake huonekana kwa vivuli, ngozi nyeusi umbo lake huonekana zaidi kwa mng'ao. Kwa hiyo tafuta mwanga mpana wa pembeni: mlango, dirisha, kibaraza, ukuta mweupe uliopigwa na jua ulio UPANDE WA PILI, ukimtazama mtu wako. Usimwambie ajipake poda. Mafuta kidogo yanasaidia, jasho la kazi linasaidia zaidi.

Ukiwa ndani na unatumia mwanga wa dirisha, zima taa. Mwanga wa aina mbili hufanya nusu ya uso iwe njano.

HATUA YA 4: Gusa uso, kisha sogeza mwanga

Gusa uso kwenye kioo cha simu. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kiburute juu kuongeza mwanga, chini kupunguza. Picha ya bibi niliishusha kidogo, kwa sababu giza la jiko lilikuwa limeishawishi simu iongeze. Mbele ya ukuta mweupe ungefanya kinyume. Mwenye kamera atumie kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa.

Angalizo: kanzu nyeupe au shela ikishaungua ikawa nyeupe tupu, nakshi zake hazirudi. Ukiona uso na nguo haviwezi kukaa pamoja, rudi hatua ya 3, mpeleke kivulini.

HATUA YA 5: Zoezi la wiki moja

Chagua mtu mmoja mvumilivu na mlango mmoja. Piga saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni, siku saba. Usiongeze kitu kingine. Ya jioni usichelewe, huku kwetu jua likishazama giza halisubiri.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikisogea karibu na uso pua inakuwa kubwa. Simu mbovu?

Simu haina tatizo, umesogea mno. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na kilicho karibu nayo kinavimba. Rudi nyuma kama mita mbili. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, itumie. Kama haina, piga ulivyo kisha ukate pembeni baadaye.

Swali: Picha zangu za usiku zina chenga.

Mwanga ni mdogo, kamera imepandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na chenga ndiyo gharama yake. Egemea ukuta au uweke simu juu ya kitu, weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise, na umsogeze mtu karibu na taa ya duka. Flashi ya simu iache, inaupiga uso bapa.

Swali: Shikamoo kaka. Watoto wangu hawatulii hata sekunde. Nifanyeje?

Marahaba dada. Usiwatulize. Piga magoti, kamera ifike usawa wa macho yao, na uwapige mfululizo nje palipo na mwanga mwingi. Kwa kamera, weka shata, yaani kasi ya kufungua na kufunga mwanga, iwe 1/500 ya sekunde au haraka zaidi wakiwa wanakimbia.

Swali: Nataka kununua kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 50. Niangalie nini?

Lenzi hiyo ya f/1.8, yaani yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, ni chaguo zuri, ni miongoni mwa za bei nafuu na inafaa sana kwa nyuso. Kabla hujalipa, washa tochi, imulike kupitia nyuma ya lenzi na uchungulie mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Mimi niliwahi kununua ya namna hiyo dukani jioni, haraka haraka, sikumulika. Miezi mitatu baadaye kila picha ya dhidi ya jua ilikuwa na ukungu. Sisi wa pwani unyevu ni adui. Hifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe vikishalowa.

Swali: Bibi aliipenda?

Aliiangalia muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili mpaka kwenye kovu dogo la kidevuni. Akasema, "Hili la kisimani, nilikuwa na miaka tisa." Nilikuwa sijawahi kuliona.