Gari linagonga "ta-ta-ta" ukiwasha? Usikimbilie kununua stata (mota ya kuwashia injini)

Asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha, baridi inaumbua betri zilizochoka. Kabla ya kumwita fundi umeme, sikiliza mlio.

"Ta-ta-ta" ya haraka, taa za dashibodi zikififia: umeme hautoshi. Pima betri kwa mita gari likiwa limezimwa muda mrefu. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ichajiwe kwanza. Mwenzako akipiga stata, isishuke chini ya 9.6.

Betri ikisoma vizuri, shuku tamino, yaani vichwa vya betri vinaposhikwa waya. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme mwingi wa stata, ingawa redio na taa zitawaka kama kawaida (hapo ndipo wengi hudanganyika). Fungua kwa spana namba 10, hasi kwanza, chanya baadaye. Mwagia maji ya moto yenye magadi, kausha, piga msasa hadi chuma king'ae, kisha rudisha ukianza na chanya, hasi mwisho. Kaza isichezeke. Waya wa erthi unaoshika bodi na injini nao usafishe, wengi huusahau.

"Ta!" moja nzito, taa haziyumbi: hapo ni stata yenyewe. Gonga kiasi ganda lake kwa mpini wa spana mwenzako akiwasha, giya ikiwa huru na hendibreki juu. Likiwaka, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya stata) zimeisha au solenoidi (swichi ya stata) imechoka. Nenda moja kwa moja kwa fundi, usizime njiani.