Namna ya Kuongoza Mjadala wa Tabia na Urithi wa Mchezaji Nyota Kijiweni

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kijiwe cha kahawa cha Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, jioni ya siku ya mechi anajua jinsi mjadala kuhusu mchezaji nyota unavyoharibika. Mmoja anasema kwamba fulani ndiye kipa bora kuwahi kuvaa jezi ya Taifa Stars, mwingine anajibu kwamba mtu aliyehamia kwa watani hastahili sifa hiyo, wa tatu anakumbushia goli la kizembe la miaka kumi iliyopita, na kabla kahawa haijapoa kila mmoja ana hoja yake, huku wote wakidhani wanabishania jambo moja. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuongoza mjadala wa aina hiyo, iwe kijiweni, kwenye kibanda umiza baada ya mechi au katika klabu ya michezo ya shule, ili wanaoshiriki waondoke wakimfahamu mchezaji huyo zaidi ya walivyomfahamu walipofika. Njia ninayoipendekeza ni kuanza na wachezaji ambao hakuna hata mmoja wenu aliye na upande nao, na baada ya hapo ndipo mrudi kwa wa kwenu.

Anzeni na wachezaji wa mbali

Wanaofaa zaidi kwa zoezi hili ni makwotabaki wa mpira wa Kimarekani. Kigoma ni nadra kumkuta mtu aliyenuniana na jirani yake kwa sababu ya timu ya Marekani, na fainali yao, Super Bowl, huanza saa nane na nusu ya usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa zetu, wakati ambapo wengi wamelala. Sababu kubwa zaidi, hata hivyo, ni nafasi yenyewe. Katika mchezo huo kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na karibu kila shambulio linapoanza mpira hufika kwanza mikononi mwa kwotabaki, ambaye ndani ya sekunde chache huamua kama atamrushia mwenzake aliye mbele, atamkabidhi mwingine akimbie nao, au atakimbia nao mwenyewe. Kwa kuwa kila kitu hupitia kwake, ushindi wa timu nzima huandikwa kwa jina lake na kipigo cha timu nzima huwekwa mabegani mwake, jambo ambalo kipa yeyote wa Simba au Yanga angelielewa bila kuelezwa.

Waelezeni washiriki mambo hayo kwa dakika tano, kisha wekeni daftari mezani na muandike maswali matatu, kila moja kwenye ukurasa wake. La kwanza: mchezaji huyu alifanya nini uwanjani? La pili: alikifanya katika mazingira gani na akiwa na wenzake gani? La tatu: alijiheshimu vipi mbele ya sheria na mbele ya watu? Kazi ya mwongoza mjadala ni moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba jibu la ukurasa mmoja halitumiki kufuta lililoandikwa kwenye ukurasa mwingine.

Kwa maswali mawili ya mwanzo, wapeni mfano wa Dan Marino na Trent Dilfer. Marino aliichezea Miami Dolphins tangu 1983 hadi 1999, na katika msimu wa 1984 alirusha pasi zilizofikia yadi 5,084 na pasi 48 za kufunga, rekodi ambazo hakuna kwotabaki aliyekuwa amezifikia kabla yake. Alifika Super Bowl mara moja tu, Januari 1985, akafungwa na San Francisco 49ers kwa alama 38 kwa 16, na hakurudi tena. Dilfer alitwaa taji hilo Januari 2001 akiwa na Baltimore Ravens, timu ambayo safu yake ya ulinzi iliruhusu alama 165 tu katika mechi 16 za msimu, na msimu ulipokwisha Ravens hawakumbakiza. Mwambieni kila mshiriki amchague mmoja kati ya hao wawili, lakini kabla hajataja jina aseme kwanza kama anapima uwezo au anapima mataji. Mtaona sauti zinavyoshuka, kwa sababu wengi hugundua kwamba hawakuwahi kutofautiana kuhusu mchezaji, bali kuhusu kipimo.

Mkipata nafasi, ongezeni Warren Moon. Alipomaliza chuo mwaka 1978 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyomchagua katika zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, na hiki kilikuwa kipindi ambacho makocha wengi hawakuwa tayari kumpa mchezaji mweusi nafasi ya kwotabaki, hivyo akaenda Kanada, akatwaa ubingwa wa huko mara tano na timu ya Edmonton, na ndipo mwaka 1984 akasajiliwa na Houston Oilers. Mwaka 2006 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, kwotabaki wa kwanza mweusi kupata hadhi hiyo. Anayezisoma takwimu zake za Marekani bila kuijua miaka ile sita ya Kanada anamhukumu mtu kwa nusu ya kazi yake.

Ukurasa wa tabia

Hapa ndipo panapohitaji muda mwingi na uvumilivu mwingi, kwa sababu neno tabia hubebeshwa mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Ugaweni ukurasa huu katika safu tatu: makosa dhidi ya sheria za mchezo, makosa dhidi ya sheria za nchi, na misimamo ambayo si kosa bali imewagawa watu.

Katika safu ya kwanza muwekeni Tom Brady, aliyekuwa mchezaji wa 199 kuchaguliwa na timu za ligi hiyo katika zoezi la wanaotoka vyuoni mwaka 2000 na akamaliza na mataji saba ya Super Bowl, sita akiwa na New England Patriots na moja akiwa na Tampa Bay Buccaneers akiwa na miaka 43. Januari 2015, katika mechi ya kuwania kuingia fainali, mipira iliyotumiwa na Patriots ilikutwa na upepo pungufu ya kiwango (kila timu hushambulia kwa mipira yake, na wenye upepo kidogo ni rahisi kuushika), na baada ya uchunguzi na kesi ndefu Brady alifungiwa mechi nne, adhabu aliyoitumikia mwanzoni mwa msimu wa 2016, ingawa mwenyewe alikana siku zote kuhusika. Mwongoza mjadala aulize maswali mawili kwa kuyatenganisha. Je, upepo ule ndio uliowapa ushindi? Wakati wa mapumziko Patriots waliongoza 17 kwa 7, mipira ikajazwa upepo, nao wakafunga alama nyingine 28 bila kufungwa na kumaliza 45 kwa 7. Je, kama alijua, alikosea? Jibu la swali la kwanza haliligusi la pili. Mtu anaweza kuwa hakuhitaji kudanganya na bado akawa amedanganya, na mshiriki anayesema kwamba wangeshinda tu hajajibu lolote kuhusu uaminifu.

Safu ya pili ni ya Michael Vick, ambaye mwaka 2007 alikiri mahakamani kuhusika na biashara ya kupiganisha mbwa, akahukumiwa kifungo cha miezi 23, akarejea uwanjani mwaka 2009 na Philadelphia Eagles, na baadaye akawa anazungumza na vijana dhidi ya ukatili ule ule. Swali la kujadili hapa ni uzito wa adhabu iliyokwisha kutumikiwa. Msimamo wangu ni kwamba kosa lenyewe halifutiki na lazima libaki limeandikwa, lakini na yale aliyoyafanya baada ya gereza yaandikwe papo hapo chini yake kwa herufi zenye ukubwa ule ule.

Safu ya tatu ni ya Colin Kaepernick, ambaye mwaka 2016 alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga ubaguzi na ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi, na tangu msimu huo ulipomalizika hakuchezea tena timu yoyote ya ligi kuu ya Marekani. Kuna watakaosema alivunjia bendera heshima, kuna watakaosema alikuwa jasiri, na wote wana haki ya kusema. Ambalo mwongoza mjadala hapaswi kuliruhusu ni jina lake kuandikwa kwenye safu moja na la Vick eti kwa sababu wote wawili walileta kelele. Kelele si kipimo cha kosa.

Ushahidi na uvumi

Weka sharti moja kabla hamjagusa mpira wa nyumbani: hakuna anayeruhusiwa kusema mchezaji aliuza mechi isipokuwa awe na uamuzi wa chombo cha soka au wa mahakama wa kuutaja. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nimesikia sifa za makipa waliotumikia nchi kwa miaka mingi zikichafuliwa kwa kauli ya "inasemekana" isiyo na mwenyewe. Kipa akifungwa goli la mbali tunasema amekula pesa. Mshambuliaji akikosa goli la wazi tunasema amekosa bahati. Mwongoza mjadala awe na maswali matatu tayari: nani aliona, lini, na wapi? Yakikosa majibu, hoja hiyo haiandikwi daftarini.

Wazee wanahitaji namna yao. Mzee aliyeufuata mpira kupitia redio tangu enzi za Simba kuifunga Yanga 6 kwa 0 mwaka 1977 ana kumbukumbu ambazo kijana hana, lakini hata yeye huchanganya aliyoyasikia na aliyoyaona. Usimkatishe. Mwache amalize, kisha umwulize kwa heshima: "Shikamoo mzee wangu, tusaidie sisi vijana, mechi hiyo uliishuhudia mwenyewe au uliisikia ikitangazwa?" Mara nyingi atajibu kwa ukweli kamili na ataongeza jambo zuri kuliko lile la kwanza.

Ndipo mrudi nyumbani

Sasa mlete kipa Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, kwa sababu hakuna mchezaji anayefaa zaidi kwa daftari lenu. Ukurasa wa kwanza utajaa haraka. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alikuwa langoni Simba walipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo. Tarehe 6 Mei 2012 Simba walipoifunga Yanga 5 kwa 0, kipa huyu huyu alikwenda mbele akafunga penalti moja. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34 na akichezea klabu ya KMC, aliitwa tena Taifa Stars, na akasimama langoni tulipoitoa Kenya kwa penalti 4 kwa 1 jijini Nairobi, kisha Burundi kwa penalti 3 kwa 0 jijini Dar es Salaam, mechi ambayo huku kwetu, ambako wengi wana ndugu upande wa pili wa mpaka, iliwaweka watu wa nyumba moja pande mbili.

Ukurasa wa pili unataka mjadili safu za ulinzi alizocheza nazo na ubora wa ligi ya kila kipindi. Ukurasa wa tatu ndio utakaowasha moto, kwa kuwa Kaseja aliichezea Simba na pia Yanga, na wapo wanaoliita hilo usaliti. Waulizeni wanaosema hivyo: ni sheria gani aliyoivunja, na ni mkataba gani alioukimbia? Mchezaji ni mfanyakazi, muda wake wa kucheza ni mfupi, na klabu zenyewe humwacha bila kusita siku kiwango chake kikishuka. Kwa maoni yangu kuhama hakustahili kabisa kuingia kwenye ukurasa wa tabia. Lakini mshabiki aliyeumia asichekwe. Maumivu yake ni ya kweli, yaandikwe, mradi yaandikwe kama maumivu yake yeye na si kama kosa la mchezaji.

Somo la mwisho kabla ya kufunga daftari ni la tukio moja dhidi ya maisha mazima. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ilichezwa hapa hapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakaifunga Yanga 1 kwa 0 kwa goli la Taddeo Lwanga kipindi cha pili, baada ya Mukoko Tonombe wa Yanga kutolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kila kijiwe cha mjini hapa kina watu waliokuwepo uwanjani siku hiyo. Waketisheni wawili, aliyekaa jukwaa kuu na aliyekaa nyuma ya goli, kila mmoja aeleze alichokiona katika sekunde zile kabla ya kadi kutolewa, na mwingine asimwingilie. Maelezo yao hayatalingana, na washiriki wataona wenyewe jinsi ilivyo hatari kumpa mtu jina la mkorofi kwa sekunde zilizoonwa kwa namna mbili na mashahidi wawili wakweli.

Msipige kura. Kijiwe chenye washabiki wengi wa Simba kitatoa jibu la Simba, na chenye wengi wa Yanga kitatoa la Yanga, na kitakachokuwa kimehesabiwa ni jezi. Badala yake mwongoza mjadala asome kurasa zote tatu kwa sauti kama zilivyoandikwa, atoe nafasi ya kusahihisha tarehe na matokeo, kisha atangaze jina la mchezaji wa Jumapili inayofuata, ili kila mmoja apate wiki nzima ya kutafuta mechi zake na kuwauliza waliomwona akicheza.